IST yangu na ukungu wa njia ya Tukuyu: nianze kufunga nini mwenyewe?

kijana_wa_Isyesye

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri, hasa mlioko huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, maana nikiuliza jamaa zangu wa Dar wananiambia funga rimu na mziki basi. Nina Toyota IST ile ya kwanza, NCP61 ya lita 1.5, injini na gia sina shida navyo kabisa. Nakaa Isyesye ila kazi yangu iko Tukuyu, kwa hiyo natoka alfajiri giza bado, napita Uyole napandisha, sasa kuanzia Isyonje kushuka mpaka Kiwira kuna asubuhi hata mstari wa katikati huuoni, ukungu umelala barabarani na manyunyu juu yake, mbele fuso za ndizi zinapandisha, nyuma yako lori lingine linakuja na wewe hujui kama dereva wake anakuona au hakuoni.

Plastiki za taa zimekuwa njano, mwanga unaishia hapohapo mbele ya bampa. Kuna kijana wa dukani kaniambia ninunue LED za H4, yaani za aina ya balbu ya taa kubwa yangu, nichomeke tu, halafu foglaiti (taa za ukungu) niziunge kwenye waya wa taa kubwa, kazi ya dakika chache. Mimi hiyo ya kuunga imenitia wasiwasi ndo maana nimekuja hapa kwanza.

Vitu ninavyowaza ni foglaiti, hizo LED, kamera ya nyuma, chaja ya simu ya kudumu, na spesa za kuinua gari kidogo maana njia ya kuingia kwangu mvua zikianza inachimbika vibaya. Bajeti haitoshi vyote kwa mpigo. Vifaa ninavyo, spana, bisibisi, mita ya umeme na kichomeo cha solda, na napenda kufanya mwenyewe nijue kila waya umepita wapi. Nianze na nini na nini niachane nacho?

fundi_umeme_Mwanjelwa

Mkuu umefanya la maana kuuliza kabla, usiunge foglaiti kwenye waya wa taa kubwa, nakuomba sana. Nitakueleza kwa urefu maana gari zinazokuja hapa na harufu ya plastiki iliyoungua nyingi chanzo chake ni hicho hicho.

Piga hesabu mwenyewe. Balbu ya foglaiti ya wati 55 kwenye volti 12 inakula ampia 4.6 hivi, mbili ni zaidi ya 9. Taa kubwa yako ni H4, dimu (mwanga wa chini) wati 55 kila upande, kwa hiyo waya na swichi ambayo Toyota waliipimia ampia 9 wewe unaipa 18. Fyuzi itakata. Sasa hapo ndo pabaya, kijana ataona fyuzi inakata kila siku ataweka kubwa zaidi au atazungushia waya, na kuanzia hapo kinachoungua sio fyuzi tena ni waya wenyewe ndani ya dashibodi ambako huoni.

Lakini kabla ya foglaiti nakurudisha nyuma kidogo. Anza na kile ulichonacho. Hizo plastiki za taa ni polikaboneti, jua ndo linazifanya njano, na hata ukiweka balbu ya aina gani mwanga utatawanyika palepale kwenye ukungu wa plastiki kabla haujafika kwenye ukungu wa Isyonje. Nunua msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, bandika tepu ya karatasi pembeni usije ukala rangi ya gari, kisha sugua huku unamwagia maji, na kila ukibadilisha namba badilisha na mwelekeo, kama 800 ulienda kushoto kulia basi 1000 nenda juu chini, endelea hivyohivyo mpaka mistari ya msasa uliopita imepotea yote. Utaona maji yanatoka ya njano mwanzoni halafu yanageuka meupe, yakiwa meupe ujue ile ngozi iliyoungua imetoka. Maliza na polishi. Halafu, na hapa wengi wanaacha, pulizia vanishi ya wazi yenye kinga ya jua, maana ile kinga ya kiwandani umeshaitoa kwa msasa, usipoirudisha baada ya miezi michache taa ni njano tena kuliko mwanzo. Dawa ya meno inang'arisha kweli ila haidumu kwa sababu hiyohiyo.

Cha pili chukua mita yako. Washa gari, washa dimu, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye soketi ya balbu huku balbu inawaka. Ukikuta betri ni 14 na kwenye balbu ni 12.5 basi umeme unapotea njiani, na kwa balbu hizi za kawaida za haloji ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mara nyingi ni ethi tu, pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi pameota kutu, fungua bolti, sugua chuma mpaka king'ae, paka grisi kidogo, funga. Hiyo haikugharimu kitu na mwanga utauona umeongezeka kwa macho.

Kuhusu LED za H4 sikatai zote, ila taa ya IST ina kioo cha kurudishia mwanga ambacho kimepimwa kwa uzi wa haloji uliokaa sehemu yake maalumu. LED ikikaa milimita kadhaa mbele au nyuma, mwanga unaruka juu, anayekuja mbele anapofuka na wewe kwenye ukungu unarudishiwa ukuta mweupe usoni. Kama una hamu ya kujaribu, paki gari usiku mbele ya ukuta kwenye sehemu tambarare, weka haloji upande mmoja na LED upande mwingine, washa dimu. Haloji itakuonyesha mstari, juu giza chini mwanga. LED kama haitoi mstari wa hivyo, rudisha dukani. Na ukinunua taa nzima angalia isiwe ya nchi ambazo magari yanapita upande wa kulia wa barabara, ya Japani inakufaa maana wao kama sisi wanapita kushoto, ya upande wa pili inamulika macho ya anayekuja.

Sasa foglaiti. Chukua za haloji au LED upendavyo ila ziwe ni foglaiti kweli, mwanga mpana na wa chini, sio zile spoti za kumulika mbali. Rangi ya njano au nyeupe watu wanabishana sana, mimi naona kilicho muhimu zaidi ni zikae chini kwenye bampa, maana mwanga unapita chini ya macho yako unamulika lami na ukingo wa barabara.

Waya wake uko hivi. Rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi, ya miguu minne ya volti 12. Mguu wa 30 unatoka betri chanya, na fyuzi ya ampia 15 ikae karibu kabisa na betri, sio huko mbele kwenye rilei, maana kipande cha kati ya betri na fyuzi ndo hakina kinga. Mguu wa 87 unaenda kwenye taa zote mbili. 85 ethi kwenye bodi. 86 unatoka kwenye swichi yako ndani, na swichi iombe umeme kutoka waya wa taa ndogo, hapo rilei inavuta umeme kidogo sana hautaumiza kitu, na ukizima taa za gari foglaiti nazo zinazima, hutakuta betri imekufa jioni. Waya wa kazi nzito tumia 2.5 mm², wa swichi hata 0.75 unatosha. Kwenye ukuta wa injini kuna mpira ambao waya za kiwandani zinapitia, toboa hapo kwenye mpira, usitoboe bati, bati linakata waya taratibu kwa mtikisiko halafu unapata shoti siku usiyoitegemea. Waya zote zivishe bomba lile la plastiki lenye mikunjo, funga na tai za plastiki mbali na egzosti na feni. Maungio yawe ya solda au ya kubana kwa koleo lake, tepu peke yake kwenye joto la injini inalainika na kuachia.

Na kabla hujagusa waya wowote toa hasi ya betri.

Dada_wa_Kiwira

Fundi kamaliza upande wa nje, mimi nataka kusema wa ndani maana hiyo njia naipita karibu kila siku na Passo. Kaka, asubuhi nyingi unazosema huoni, nusu ya ukungu uko ndani ya gari yako. Watu wanafuta kioo kwa kitambaa huku wanaendesha, na kitambaa kinaacha mafuta ya mkono, ukikutana na taa za fuso kioo chote kinakuwa michirizi.

Fungua kile kisanduku cha dashibodi cha upande wa abiria, bana mbavu zake mbili kiachie kishuke, nyuma yake kuna mfuniko mwembamba wa plastiki na ndani ndo kuna filta ya hewa ya kabini. Gari nyingi ukifungua unakuta imeziba kwa majani na vumbi, hasa ukipita kwenye daivasheni za ujenzi wa barabara, au unakuta filta haipo kabisa. Filta ikiziba feni inazunguka ila hewa haifiki kwenye kioo. Kubadilisha hakuhitaji hata spana.

Halafu washa AC hata kama kuna baridi. Najua inashangaza watu, mwezi wa saba baridi ya Mbeya nani awashe AC, lakini AC inakausha hewa. Weka AC, joto juu, elekeza kioo cha mbele, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizime ili hewa ya nje iingie. Kioo kinafunguka haraka sana. Kama AC yako haina gesi basi pesa ya kamera ipeleke huko kwanza, nasema kwa dhati.

Kioo cha nyuma kina ile mistari myembamba ya kupasha joto, jaribu kitufe chake uone kama mistari yote inafanya kazi, utaona umande unafutika mstari kwa mstari, ule usiofutika umekatika. Kuna rangi maalumu yenye madini inayopitisha umeme unapaka pale palipokatika tu. Na kama gari ina tinti ya kubandika nyuma usiibandue kwa kisu, gundi inang'oka na mistari yake, lainisha kwa mvuke au maji ya sabuni uvute taratibu ukifuata mistari inavyokwenda.

Waipa pia. Pima ile ya zamani kwa futi ununue urefu uleule, ya dereva na ya abiria hazilingani. Na kioo chenyewe kisafishe ndani kwa maji na spiriti. Ndaga.

Mbena_wa_Makambako

Kamwene wote. Mimi niongelee nyuma kidogo maana hilo la lori linalokuja ndo linaua watu huku, iwe njia ya Tukuyu iwe hii barabara kuu ya TANZAM ya kwenda Zambia. Gari nyingi za Japani hazina foglaiti nyekundu ya nyuma, kwa hiyo anayekufuata anategemea zile taa ndogo tu, na unakuta moja imeungua mwenye gari hana habari. Balbu ya nyuma ni ile ya nyuzi mbili, 21/5, uzi wa wati 5 ni taa ndogo na wa 21 ni breki, unaweza kuwa na breki nzima na taa ndogo imekufa. Kila wiki mwombe mtu asimame nyuma akuangalizie. Bandika na stika nyekundu za kuakisi mwanga kwenye kona mbili za bampa la nyuma, ni kitu cha bei ndogo sana na hakihitaji waya.

Na jamani hazadi, zile indiketa zote kupepesa kwa pamoja, isiwashwe gari ikiwa inatembea kwenye ukungu. Ukiwasha hazadi indiketa zako hazina maana tena, unakata kulia kuingia kijijini wa nyuma hajui, anaona unapepesa tu kama ulivyokuwa unapepesa toka Isyonje. Hazadi ni ya gari iliyosimama au ya kuonya kwa muda mfupi ukikuta ajali mbele.

Spesa mimi naziunga mkono. Kwa barabara za huku inchi moja inaokoa sampu yako, lile bakuli la oili chini ya injini.

mzee_wa_alaimenti

Ndugu yangu wa Makambako hapo kwenye spesa sikubaliani nawe haraka hivyo. IST ikija imeinama mara nyingi springi zimechoka na shokapu zimekufa, ukiweka spesa juu ya springi iliyochoka umeinua ugonjwa. Kwanza kijana pima, simama tambarare, pima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi kila tairi, kama kushoto na kulia hazifanani au nyuma imelala, anza na springi na shokapu.

Ukishaona hizo ni nzima na bado unataka, usizidi inchi moja. Mbele ukiinua zaidi draivishafti, zile shafti zinazozungusha magurudumu, zinakaa kwa pembe, buti zake za mpira zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia na joint inaanza kugonga ukikata kona. Nyuma ni boriti moja haina draivishafti, huko hakuna shida hiyo, ila hakikisha hosi za breki hazijavutika gari ikiwa kwenye jeki na magurudumu yananing'inia. Chukua spesa za alumini au mpira mgumu zenye bolti zake, achana na zile za kukata kipande cha mpira wa tairi na kupachika katikati ya springi, hizo zinapasua springi. Na siku hiyohiyo alaimenti, maana ukiinua tu toe, yaani tairi zinavyoelekea ndani au nje, inabadilika na tairi zitaliwa upande mmoja kabla hujagundua. Taa nazo uzipime upya kwenye ukuta, gari ikiinuka mbele zaidi ya nyuma mwanga wote unaenda juu, kazi yote aliyokueleza fundi inapotea.

Kwa njia ya kuingia nyumbani mimi ningefunga kinga ya bati chini ya sampu kabla ya spesa. Iwe na matundu ya kupumulia na uweze kuifungua kumwaga oili.

kijana_wa_Isyesye

Jamani asanteni sana, ndaga fijo. Jumamosi nimeanza na msasa, kweli maji yametoka ya njano kama mlivyosema, na filta ya kabini nimefungua nikakuta haipo kabisa! Ethi nimesugua, volti kwenye balbu imetoka 12.4 ikafika 13.3. Usiku uleule nimepanda nayo mpaka juu Igawilo, mwanga mwingine kabisa na balbu ni zilezile.

Kwa hiyo LED nimeachana nazo. Spesa nimeahirisha nitafunga kinga ya sampu. Foglaiti nafunga wiki ijayo. Nina maswali mawili kwa fundi, waya wa taa ndogo ndani ya dashibodi nitautambuaje bila kubahatisha, na kamera ya nyuma waya wake nipitishe wapi?

fundi_umeme_Mwanjelwa

Safi sana, 13.3 ni nzuri.

Waya wa taa ndogo mrahisi kuupata ni kwenye swichi zinazowaka usiku, mfano nyuma ya redio au kile kitufe cha hazadi, kuna waya unaowasha kataa ka ndani. Weka mita kwenye volti, pini nyeusi kwenye bodi, nyekundu gusa waya. Taa zimezimwa isome 0, ukiwasha taa ndogo ipande 12, ukizima irudi 0. Ukikuta inapanda na kushuka ukizungusha kile kipimo cha mwanga wa dashibodi huo achana nao, tafuta mwingine. Usipime kwa balbu ya kuonjea kwenye Toyota bila kuangalia, nyingine swichi inakata upande wa hasi na utachanganyikiwa, mita haikudanganyi. Na plagi yoyote ya rangi ya njano au waya uliovishwa njano usiguse kabisa, hiyo ni eabegi, na ukitoa hasi ya betri subiri kwanza kidogo kabla ya kufungua kitu karibu na usukani.

Kamera, chanya yake itoe kwenye waya wa taa ya rivasi nyuma kulekule, ethi hapohapo. Mlango wa nyuma wa IST una ule mpira wenye mikunjo unaounganisha mlango na bodi pale juu, vuta mpira upande mmoja, pitisha waya wa kamera humo ukiusaidia na waya mgumu wa chuma na sabuni kidogo, rudisha mpira ukae vizuri maana ukikaa vibaya maji yanaingia kwenye buti. Ukitoka hapo teremka kwenye nguzo ya nyuma, kisha pita chini ya zile plastiki za kizingiti cha mlango mpaka mbele, zinang'oka kwa kuvuta juu. Usipitie darini pembeni kama gari yako ina eabegi za pembeni. Ule waya mwembamba mwekundu ulioshikana na waya wa picha unganisha ncha ya nyuma kwenye chanya ya rivasi hiyohiyo na ya mbele kwenye waya wa rivasi wa skrini, ndo unaoiambia skrini ifunguke ukiweka R.

Chaja ya simu ichukulie kwenye fyuzi ya kiberiti, ile ya ampia 15, kwa kile kichomekeo kinachobeba fyuzi mbili, ya chaja weka fyuzi ya 5. Inazima ukitoa funguo. Ukifika kwenye bampa na ukakuta foglaiti ulizonunua hazina vishikizo vyake, piga picha uweke hapa kabla hujatoboa.